Vidonge Viwili vya Saa Sita

Mama wangu mpendwa,

Huko uliko barua hazifiki, najua, na hata hapa Butembo sijui ni nani bado anaandika barua. Lakini jana, Alhamisi, Tantine Masika alikuja nyumbani kwangu na ombi, na ombi lake linakuhusu wewe kuliko mimi. Ndiyo maana nimechukua daftari la shule nikakaa.

Unamkumbuka Tantine Masika, shangazi wa mume wangu, yule mrefu ambaye sauti yake inafika kabla yake. Alikunywa chai yangu, akasifu mapazia, akauliza kama watoto ninaowafundisha wanasoma vizuri mwaka huu. Nikajua kuna jambo, maana yule mama hajawahi kusifu kitu changu bure. Alipomaliza kikombe cha pili akasogeza kiti karibu.

"Kavira," akasema, "ile dawa mama yako alikupatiaka mbele ya ndoa, uniambie jina yake. Kahindo wangu anaolewa mwezi ya kuya. Mutoto amekonda, mwili yake hapana na kitu. Nataka naye atoke vile ulitokaka, mashavu yote inaangaza."

Mama, nilitamani kumrushia birika. Badala yake nilimwambia arudi Jumapili baada ya misa, labda nitakuwa nimelikumbuka jina. Nilimdanganya. Jina nalijua, nitalijua mpaka siku watakaponizika. Nilitaka tu hizi siku chache niongee na wewe kwanza. Nikimwambia ukweli, ukoo huu mzima utajua ulichofanya, na wewe ulikuwa mtu wa kuficha mambo yako hata kwa padri. Nikinyamaza, Kahindo ataitafuta sokoni na ataimeza.

Nianze na hili: nimekukasirikia. Wengine wakiwaandikia wazazi wao waliokufa wanaanza na shukrani. Mimi shukrani zangu ziko, lakini zimekaa chini ya hasira, na sijui nitazifikia leo au hapana.

Unakumbuka safari zetu za Kirumba? Nilikuwa na miaka saba au minane. Papa alikuwa ameshatuacha, na wewe ulikuwa unapanda lori kutoka Beni, tunapita Butembo, tunateremka mpaka Kirumba kuchukua maharage na viazi. Wakati wa kurudi tulikaa juu ya mzigo, na baridi ya Butembo ilikuwa inatuuma mpaka meno yanagongana. Ulikuwa unanisukuma katikati ya magunia mawili, mahali ambapo hata mbuzi asingepita, halafu unanifunika na gunia tupu kichwani. Dereva akipita kuhesabu watu, ulikuwa unamwambia, "Huyu hapana mutu, ni mufupa, usimuhesabu." Naye alicheka, akaniacha. Nilikuwa nalala humo, nasikia harufu ya udongo wa viazi na mkono wako ukinishika kifundo cha mguu nisiteleze. Siku zile kukonda kwangu kulikuwa kitu cha kutuchekesha sisi wawili. Hakuna aliyetuambia ni ugonjwa.

Miaka ikapita, halafu kichwa chako kikaanza kuuma. Ulisema ni jua la soko. Ukasema ni miwani. Ukasema ni mimi na kelele zangu za ndoa, kwa maana Kambale, mchumba wangu, alikuwa ameshaleta watu wake kujitambulisha. Lakini ulianza kutapika asubuhi kabla hujala kitu, na siku moja ulinimiminia chai pembeni ya kikombe, mezani, polepole, huku ukinitazama na kutabasamu. Uliona vikombe viwili, ukajaza kile ambacho hakikuwepo. Tukaenda Butembo kwa munganga, daktari wa hospitali, akatutuma ng'ambo ya mpaka kwenye mashine ya kupiga picha ya kichwa, tukarudi kwake na bahasha kubwa.

Yule munganga alikuwa kijana, lakini alikuwa na subira. Alibandika picha dirishani ili mwanga upite. Nakumbuka kidoa kidogo cheupe, na kukizunguka, kiza kipana kilichoenea kama chai inavyoenea kwenye kitambaa. Mimi nilikitazama kile kidogo. Yeye aliweka kidole kwenye kile kipana.

"Mama Kavira, uvimbe yenyewe haiko kubwa," alisema. "Iko kama mbegu ya avoka. Ni kidogo, mais inaita."

"Inaita nani?" ukauliza.

"Basoda. Mu damu yako muko basoda, maaskari, banalinda mwili. Uvimbe inatuma bujumbe, basoda banasikia, banakuya bengi. Bakifika, mishipa inafunguka, maji ya damu inamwangika mu ubongo. Na kichwa ni mufupa, haiwezi kupanuka. Donc ile maji njo inakuletea kutapika, njo inakufanya uone bitu bibili bibili."

Ulifikiri kidogo. Ulikuwa na kile kitambaa cha kijani kichwani. "Kumbe ni kama kilio," ukasema. "Mutu moja analia, quartier nzima, mutaa yote, inafika, mpaka banaegemea lupango ya nyumba inaanguka."

Munganga alicheka kwa sauti mpaka muuguzi akachungulia. "Njo vile, Mama. Na hii dawa nakupatia, hapana kufukuza mwenye kulia. Inafunga tu mulango, mpaka siku ya opération."

Upasuaji ungefanyika kulekule ng'ambo, na ilibidi tusubiri nafasi na karatasi za kuvuka. Miezi miwili, labda mitatu. Akakupa kopo la vidonge vyeupe, deksametazoni, vyenye mstari katikati. Akakuambia bila kucheka: "Bibili asubuyi, bibili saa sita. Kila siku. Usipunguze, usiache, hata ukijisikia muzuri. Surtout ukijisikia muzuri." Ukamjibu "Wasingya kutsibu," asante sana kwa lugha yetu, kwa heshima yote, umeinamisha kichwa, na mimi nikaamini umesikia.

Dawa ilifanya kazi, Mama. Hiyo ndiyo sehemu inayonichoma mpaka leo. Siku ya tatu ulikula sahani nzima ya bundu na sombe, ugali wetu na kisamvu, ukaomba nyingine. Juma la pili ulirudi sokoni. Hukutapika tena, na chai iliingia ndani ya kikombe. Halafu uso wako ukaanza kuviringa. Mashavu yakajaa, shingo ikajaa, ukawa na ngozi ya mtu anayelala vizuri. Kanisani kwetu Beni, kule mtaa wa Ruwenzori, wakina mama walikushika mikono baada ya misa. "Mama Kavira amepona! Muone vile amenenepa!" Mwenye duka la jirani alikuambia umerudia usichana. Na wewe, mtu ambaye maisha yake yote alipima afya kwa macho, ukaanza kujitazama kwenye kioo changu kidogo.

Nilikuambia uso ule ni dawa tu, munganga alitueleza. Ulinijibu, "Mais mugonjwa ananenepaka?"

Sasa nifike kwa Tantine.

Unajua desturi. Majuma matatu hivi kabla ya ndoa, wanawake wa upande wa Kambale walitoka Butembo kuja kumtazama bibi harusi kwao, wapike naye, wale naye, wamwone anavyotembea. Nilipika tangu alfajiri. Nilivaa kitenge kile cha maua na nikajifunga cha pili ndani ili kiuno kionekane. Nilipokuwa natoka jikoni na sahani ya makayabu, samaki wa chumvi, nilimsikia Tantine Masika sebuleni akimwambia mwenzake, na hakujisumbua kupunguza sauti:

"Mufupa mutupu. Huyu atabeba mimba fasi gani? Ao mama yake alikuwa anakula peke yake?"

Wote wakacheka. Wewe ulikuwa umekaa pale na mashavu yako mapya, mtu mnene pembeni ya binti mkavu, na ulicheka pia, kwa adabu. Nilikuona mkono. Ulikuwa unakunja na kukunjua ncha ya kitenge. Mimi nililia jikoni dakika mbili, nikanawa, nikasahau. Nilidhani na wewe umesahau.

Jumatatu iliyofuata, nilipotoka shule, ulinipa karatasi ya daftari iliyokunjwa. Ndani kulikuwa na vidonge vyeupe.

"Ni dawa ya kunenepa," ukasema. "Nimeitoa ku soko. Babibi harusi bote banatumiaka. Bibili saa sita, nyuma ya chakula."

Ni kweli kwamba wengi wanatumia. Nina walimu wenzangu watatu waliotumia, na kila mtu anajua mwanamke anayeuza, wapi amekaa na ndoo yake. Kwa hiyo sikushangaa. Nilichukua, nikala, nikameza. Kila siku saa sita na nusu ulikuwa unanisubiri na maji kwenye kikombe cha plastiki. Zamani tulikuwa tunakaa mezani na wewe unameza vyako mbele yangu. Siku hizo ukawa unasema, "Mimi nimeisha kunywa." Ulisema hivyo kila siku, hata kabla sijauliza.

Niliuliza mara moja tu. Nataka niliandike hili hapa kwa sababu sijamwambia mtu, hata Kambale. Siku ya tisa au ya kumi, kidonge kikiwa kwenye kiganja changu, niliona ule mstari katikati.

"Mama, hii inafanana na yako."

"Bidonge byote ni byeupe, Kavira. Unafundisha batoto kusoma, mais kumeza hujue?"

Nikacheka. Nikameza. Nilikuwa nimeshaanza kuona mashavu, Mama, na nilikuwa nayapenda. Nilitaka uniongopee. Sijui kama nilijua. Najua kwamba sikuuliza tena.

Majuma matatu yale nyumba yetu ilikuwa ya furaha, na mimi nilikuwa kipofu kuliko wewe. Fundi alipanua gauni mara mbili. Kila alipochomoa uzi, wewe ulipiga kigelegele kidogo. Na huku ulianza kufunga kitambaa kichwani kwa nguvu sana, mpaka kikaacha alama kwenye paji la uso. Ulikaa chini kukata mboga ya lengalenga, wewe uliyezoea kufanya kila kitu umesimama. Mara moja nilikuta mafuta yamemwagika pembeni ya sufuria, bwawa zima, na ulikuwa umetupa majivu juu yake. Nikasema ni uchovu wa sherehe. Ulikubali haraka, na mimi nikaona ahueni kwamba umekubali.

Siku ya ndoa ilikuwa yako. Hilo siwezi kukunyang'anya. Tulitoka kanisani Beni kukiwa na jua, wanawake wakatandika vitenge njiani, na Tantine Masika akanishika shavu kwa vidole viwili, akalivuta. "Sasa huyu ni mutu!" akapiga kelele. Wewe uliinama sikioni mwangu, ukanuka pomada na jasho, ukaniambia, "Leo banyamaze." Halafu ulicheza. Ulicheza na kitambaa kimekaza kichwa, jicho moja umelifumba kidogo kama mtu anayecheka. Kwenye picha, ile tuliyotundika ukutani hapa, tumesimama wawili, uso kwa uso, na mashavu yetu yamelingana. Watu wote wakiiona wanasema ulinizaa kweli.

Siku ya nne baada ya hapo jirani akapiga simu. Nilikuwa tayari Butembo, kwa mume. Alisema umetapika tangu jana na humjui mtu. Barabara ilikuwa inapitika siku ile, tushukuru hata hilo, na walikuleta kwa gari, umelazwa kiti cha nyuma, umefunikwa na kitenge cha ndoa yangu. Ulipumua kama mtu anayepanda mlima. Mboni moja ilikuwa kubwa kuliko nyingine.

Munganga yuleyule alikupiga sindano, akakutundikia maji, halafu akaomba kopo. Jirani alikuwa amelileta. Akamwaga vidonge mezani, akahesabu, akatazama tarehe, akahesabu tena. Vilikuwa vimepungua sawasawa na inavyotakiwa. Hakuna kilichozidi, ila sita tu vilikosekana. Nilimwona anachanganyikiwa.

"Alikuwa anakunywa byote? Uko sure?"

"Byote, docteur. Kila siku."

"Donc juu ya nini kichwa imejaa vile?"

Kisha muuguzi akataka kadi yako ya zamani. Nilijua iko kwenye mkoba wangu. Nikaumimina mkoba wote juu ya meza ileile, kwa haraka, na ile karatasi ya daftari ikatoka pamoja na funguo, ikafunguka. Uliniambia niendelee juma moja baada ya ndoa, ndiyo maana nilikuwa nimeibeba. Vidonge sita.

Aliviangalia. "Hii ni ya nani?"

"Ni yangu. Ya kunenepa. Mama alinitolea ku soko."

Akachukua kimoja changu, akakiweka pembeni ya kimoja chako. Mstari mmoja, na ile herufi ndogo upande wa pili ni moja. Halafu akauliza kwa sauti ya chini, "Tangu lini?"

"Majuma tatu na kitu. Bibili kila saa sita."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alirudisha vyote ndani ya kopo, vyangu na vyako, akafunga kifuniko, na mimi nikaelewa kilichotokea. Uligawa dozi yako nusu kwa nusu. Vya asubuhi ulijiachia, vya saa sita ulinipa mimi, na kopo likapungua vizuri kabisa bila kumshtua mtu.

Nilirudi kitandani kwako nikapiga kelele. "Mama, umenifanya nini?" Nilikushika bega nikakutikisa, wewe mwenye maji kichwani. Muuguzi alinivuta nje. Ulikufa kesho yake asubuhi. Hilo ndilo neno la mwisho ulilosikia kutoka kwangu, kama ulikuwa bado unasikia: kelele za hasira, kutoka kwa mtoto uliyemlisha.

Kwenye mazishi nilianguka. Miguu iliisha, macho yakawa meusi, na siku mbili sikuweza kuinuka. Watu walisema ni uchungu, wakanisifu kwa kukupenda. Baadaye munganga alinieleza kwamba mwili unaozoeshwa dawa ile unasahau kutengeneza ya kwake, na ukiiacha ghafla unazimika. Kwa hiyo hata kuanguka kwangu juu ya kaburi lako kulikuwa kwa dawa. Nyumba ilijaa, kama ulivyosema. Quartier nzima ilifika. Lupango wetu, ua wa nje, uliegemewa mpaka ukalala chini, na nilipouona umelala nilicheka peke yangu, wakanipeleka ndani.

Nilirudi kwa munganga mwezi mmoja baadaye. Nilitaka jibu moja: je, vile viwili vya saa sita vingekufikisha? Aliandika neno kwenye daftari langu, chimiokine. Kwa Kiswahili ningesema kemokini. Ndilo jina la ule ujumbe unaotumwa na uvimbe, akasema, na si uvimbe peke yake unaoutuma. Hata sehemu nzima za ubongo zinazouzunguka zinajifunza kuita. Askari wakifika nao wanaita wengine. Kuna watu huko kwenye maabara za mbali wanatafuta namna ya kuziba masikio ya wale askari, ili wasiitike, ili mgonjwa asihitaji vidonge vya kumvimbisha uso. "Mais bado banatafuta," akasema. "Sisi tuko na hii tu."

"Na Mama?"

"Sijue, Mwalimu. Pengine angefika ku opération. Pengine hapana. Siwezi kukudanganya."

Ningependa anidanganye. Wewe ulinizoesha.

Nimelifikiria hilo neno sana. Ninaposahihisha madaftari, ninapopanga mstari kwa fundi wa viatu, linarudi. Kitu kidogo kinaita, na walinzi wema wa mwili, wasio na kosa, wanakuja mbio na kuzamisha nyumba waliyokuja kuilinda. Basi nakuuliza: nani alikuita wewe? Tantine Masika alisema maneno mawili sebuleni kwetu, mufupa mutupu, na ukaitika mbio. Ukaniletea kila ulichokuwa nacho. Ulikuwa umelindwa na dawa, mlango umefungwa, ukaufungua mwenyewe kwa sababu ya mdomo wa mwanamke mmoja. Haikukutosha kuwa hai kwenye ndoa yangu. Ulitaka na mimi niwe na mashavu.

Ungeniuliza, Mama! Ningekuambia nina miaka ishirini na sita na nimeishi yote nikiwa mwembamba. Ningekuambia Kambale alinipenda hivyohivyo, aliniona nikishuka kwenye pikipiki na chaki mkononi, na hakuuliza kilo. Lakini hukuuliza, kwa sababu ulijua nitakataa, na kwa sababu ulikuwa umeshajitazama kwenye kioo ukaamua umepona. Uliamini uso kuliko picha ya dirishani. Nami niliamini uso pia. Hapo sina mahali pa kukushika peke yako.

Naiacha hapa. Nitaendelea Jumapili, Tantine akishaondoka.

Jumapili, saa kumi alasiri.

Wamekuja wawili, Tantine na Kahindo mwenyewe. Msichana ni mwembamba kama nilivyokuwa, mikono mirefu, anacheka kila kitu. Amekula maandazi manne bila kuangalia mtu. Nilimpenda palepale, na nikaogopa.

"Basi, jina?" Tantine akasema.

Niliinuka nikatoa picha ukutani, nikamwekea mapajani. "Tantine, angalia uso ya Mama. Angalia na yangu."

"Mulifananaka kabisa," akasema. "Kama mapacha."

"Tulikuwa tunameza dawa moja. Ilikuwa yake, ya kichwa. Alinikatia nusu."

Nikamweleza yote. Uvimbe, maji, kopo, karatasi ya daftari, vidonge viwili mezani kwa munganga. Nimekusema, Mama. Nimetoa siri yako mbele ya watu wa mume wangu, yote mpaka kile kitenge cha ndoa walichokufunika. Kahindo aliacha kutafuna. Nikamwambia dawa ile ukiimeza uso unajaa, na siku utakayoiacha unaanguka, na akitaka kuona mfano mimi nimekaa mbele yake. Halafu nikamgeukia Tantine na kumwambia kwa nini ulifanya hivyo. Nikayarudia maneno yake, mufupa mutupu, atabeba mimba fasi gani, kama alivyoyasema, na mahali alipokuwa amekaa.

Nilikuwa nimesubiri miezi nane kuyasema. Nilidhani atalia, au atanitukana, au atapiga magoti. Aliniangalia kwa mshangao wa kweli kabisa, mkono kifuani.

"Mimi?" akasema. "Nilisemaka vile? Kavira, mi sikumbuke."

Na hakumbuki, Mama. Nilimtazama vizuri, hakuwa anajificha. Alikula, alicheka, alipanda gari akarudi Butembo, na neno likabaki kwetu. Wewe ulilifia, na mwenyewe hajui kama alilisema.

Kahindo ndiye aliyeinuka wa kwanza. Alirudisha picha ukutani, akainyoosha, akamwambia mama yake, "Twende, Maman. Mi nitaenda vile niko." Mlangoni alinikumbatia, na nilisikia mbavu zake zote.

Wameondoka. Nimevua kitenge, nimejiangalia kwenye kioo kilekile kidogo, maana nilikichukua kutoka Beni. Mashavu yameisha zamani. Gauni la ndoa nikilivaa leo linaning'inia, ule uzi wote ulioushangilia ulichomolewa bure. Nimerudi kuwa yule wa kwenye lori, ambaye dereva hamhesabu. Ungeniona barabarani ungenijua kwa mbali, bila miwani.

Nilikuahidi shukrani, na hizi hapa: asante kwa magunia, kwa mkono uliokuwa unashika mguu wangu, kwa kikombe cha plastiki ulichonisubiri nacho kila saa sita. Lakini ungeniacha hivi nilivyo, Mama. Wangesema walichotaka kusema, ningekuwa mfupa mtupu, na leo ningekupigia simu kukusimulia jinsi walivyosema, tukacheka.

Kaa salama huko ulikolala. Bado nimekasirika, na bado ni mimi,

binti yako mwembamba,
Kavira